Ndege Anayejenga Karibu na Nyigu

Mpendwa mdogo wangu Mwikali,

Nakuandikia kwa jicho moja. La pili limefura hadi kope zimezama ndani, na kabla hujaanza kuuliza ni nani, nikwambie mapema: si mkono wa mwanamume. Ni nyigu. Najua unacheka. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba siku moja nitapigana na kitu ambacho hakiogopi mdomo wangu.

Kwa kawaida nikiwa na la kukuambia naenda pale nyuma ya nyumba, kati yako na Baba, nakaa kwenye ndoo na kuongea. Hili la Jumamosi nimeamua kuliandika wazi. Nataka lisomwe na kila mtu aliyeketi kwenye viti vya kukodi siku ile ya msamaha, akala nyama, akafuta mdomo na kukupungia mkono ukiondoka.

Unamkumbuka yule dume wa kifua chekundu? Chozi, yule ndege mdogo wa maua, ila huyu alikuwa jitu kwa wenzake. Mweusi kama masizi ya sufuria, kichwani kijani cha kung'aa, na kifua chekundu hivi kwamba Mama alisema amejipaka lipstiki. Alijimilikisha mishubiri yote ambayo Baba alipanda kando ya ua. Maua yakichanua, hakuwa na raha. Alikunywa kidogo, akaruka juu ya seng'enge, akatazama huku na huku, na ole wake aliyetua. Alifukuza madume wenzake, akafukuza majike, nyuki na vipepeo, hata paka wa jirani alidonolewa kisogoni akakimbilia chini ya tangi la maji. Mimi nilimpenda sana. Nilisimama pale na sare ya shule nikimshangilia kama mtu wa mpira, "Mpige! Mpige huyo!" na wewe uliziba masikio.

Halafu akaja dume mwingine ambaye hakutaka kukimbia. Walipigana asubuhi nzima. Walipanda hewani wakifukuzana, wakashikana makucha, wakaanguka chini kwenye vumbi wakiwa wamefungamana, na yule wetu akawa anamdonoa mwenzake usoni, palepale, palepale, kama cherehani. Ulitupa begi ukaenda kuwaachanisha kwa sandali. Mmoja akaruka. Mwingine alibaki amelala ubavu, jicho moja halipo. Ulimweka kwenye boksi la viatu, ukamtilia maji ya sukari kwenye kifuniko cha soda, ukakataa kula. Alikufa kabla ya chai ya asubuhi, na hukunisemesha mpaka tukafika shuleni.

Vioo vya pikapu ya Baba ndivyo vilivyomwaibisha yule dume. Alijiona humo akadhani ni mgeni. Akawa anaamkia pale, anadonoa kioo, anakipiga kwa mabawa, anachoka, anapumzika juu ya kitasa cha mlango huku amefungua mdomo, anarudi tena. Kioo kilijaa madoa ya damu. Uliuliza, "Anapigana na nani?" Baba akakujibu, "Na yeye mwenyewe, na bado anashindwa." Mwishowe Baba akavisha vioo soksi zake, na Jumapili moja alisahau kuzivua, tukaingia uwanja wa kanisa gari limevaa soksi za kijivu masikioni. Mama hakutaka kushuka. Nikikumbuka hapo bado nacheka hadi leo, hata na jicho hili.

Lakini wewe macho yako yalikuwa kwa jike. Hakuwa na rangi yoyote ya kusifiwa, kahawia tu yenye madoa, na ulisema, "Huyu amefanana na mimi." Ulimtazama akibeba utando wa buibui mdomoni, akiuzungusha kwenye waya wa taa ya kibarazani, akiuvuta, akirudi na nyasi, magome, hata uzi uliochomoka kwenye sweta yako. Kwa mbali ungedhani ni takataka zilizonaswa na upepo. Kwa karibu ilikuwa nyumba, yenye mlango ubavuni na kipaa kidogo juu ya mlango ili mvua isiingie, na ndani ametandika manyoya ya kuku wa Mama. Ule utando ulikuwa unanyumbuka, kwa hiyo makinda yakikua na kiota nacho kinatanuka. Dume hakubeba hata unyasi mmoja. Mayai yalipotagwa, mawili tu, ni jike aliyeatamia. Nilimtetea dume, nikasema kazi yake ni kulinda chakula. Ukanitazama. "Analinda chakula mpaka anafukuza bibi yake kwenye maua? Hiyo ni kulinda ama ni ubaya tu?" Nikakufinya.

Mwalimu wa sayansi alipotuonyesha picha ya yule ndege mvumaji wa Amerika, anayekunywa maji ya maua huku anapiga mabawa hewani kama nyuki, wewe ulisimama darasani ukasema huyo ni chozi wetu amepata visa. Mwalimu akacheka. Akatueleza kwamba hawa si ndugu hata kidogo, ila njaa moja imewafanya wafanane, mdomo mrefu, rangi za kung'aa na hasira. Wetu hutua juu ya ua ndipo anywe. "Na yule wa Amerika pia anapigana?" uliuliza. Mwalimu akasema hakuna ndege mdogo asiyepigana, kwa sababu mwili mdogo unachoma chakula haraka na anayekosa ua leo huenda asiamke kesho. Ulikaa chini ukasema kwa sauti ya chini, "Si lazima akuwe mbaya hivyo."

Juu ya kile kiota cha kwanza, kwenye pembe ya kibaraza, palikuwa na nyigu. Mama alitaka kuwachoma. Alikuwa tayari amefunga kitambaa kwenye fimbo wakati Susu, nyanya yetu, mama yake Mama, alipotoka jikoni.

"Wacha hiyo kitu," alisema. "Kwani unafikiria huyo ndege hana macho? Ameona nyigu kwanza, ndio akajenga. Nani atakuja kuiba mtoto hapo?"

Mama akaweka fimbo chini, kwa sababu Susu hakuwa mtu wa kubishana naye ukabaki na ngozi. Na kweli makinda yalitoka yote mawili. Kwa siku kadhaa yalikuwa yakirudi jioni kulala mle ndani na mama yao, yakisukumana mpaka kiota kinatikisika, halafu siku moja hayakurudi, nawe ukasema sasa wamekuwa watu.

Nimekurudisha huko kote kwa sababu siwezi kufika Kimana moja kwa moja. Nikifika huko moja kwa moja navunja kitu.

Baba Mutheu, kabla hajawa baba wa mtu, alikujia sokoni hapa Kitengela na lori la nyanya kutoka shambani kwake Kimana. Mrefu, meno meupe, anaongea kama redio. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyempokea alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Nilimuuliza Baba Mkubwa mbele ya watu, mbuzi wa ntheo watakuja lini? Maana kwetu Wakamba, mpaka mbuzi hao waingie boma la baba wa msichana, mmoja achinjwe, na pande zote mbili zile nyama yake pamoja, hiyo si ndoa, ni kukaa tu. Na watoto ni wa kwao mama. Yule bwana akacheka, akasema nyanya zikifanya vizuri ataleta. Nyanya zilifanya vizuri. Vitunguu navyo vilifanya vizuri. Akanunua lori la pili, wewe ukikaa naye Kimana bila mbuzi hata mmoja.

Ulipokuja nyumbani umembeba mwanao Mutheu kiunoni, uso umefunikwa na leso mpaka puani, ulisema umeanguka kwenye mtaro wa maji ya shamba. Susu alikuvua leso bila kukuuliza. Jicho lako lilikuwa limefura na kufunga kabisa, zambarau, na chini ya shavu kulikuwa na alama ya pete. Susu akasema, "Huo mtaro umevaa pete." Nilichukua nyundo yangu ya karakana nikaelekea barabarani, na ni wewe uliyenishika kiuno ukining'inia kama mtoto, ukinisihi nisiende.

Zile wiki ulizokaa hapa ndizo ninazozihesabu kuwa za mwisho zako, ingawa uliishi baadaye. Chozi alikuwa amejenga tena kwenye waya wa taa ya kibarazani, na nyigu walikuwa juu yake kama zamani. Ulikaa kwenye ngazi na Mutheu mapajani, mkimtazama jike akileta buibui, maana makinda hayawezi kukua kwa maji matamu peke yake, yanataka nyama. Mutheu alikuwa anafungua mdomo kila ndege alipofungua wake. Jicho lako likapungua polepole, likawa la kijani, kisha la manjano. Ulianza kuimba ukiosha vyombo. Nilikutafutia kazi kwa mwenzangu anayeuza mabati, na ulikuwa umekubali.

Ndipo watu wa Baba Mutheu wakaomba kuja kukuomba msamaha.

Baba Mkubwa alikuja asubuhi na mapema kupanga mambo. Alimtuma Susu aende Mashuuru, eti kuna mgonjwa wa kuonwa, kumbe alitaka tu mdomo wake usiwepo. Mimi nilipewa kazi ya kupika. Akatazama kibarazani, akaona nyigu, akasema wageni wasije wakaumwa. Alifunga kitambaa kwenye fimbo, akakichovya kwenye petroli, akawasha. Wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Baba Mkubwa, tafadhali, kuna makinda." Akakwambia ndege ni ndege. Nyigu walianguka wakiwaka, wakiendelea kutambaa sakafuni bila mabawa, akawakanyaga kwa viatu vyake vya kanisa. Asubuhi moja ile ile alimwondoa Susu na akawachoma nyigu.

Walileta mbuzi mmoja, wa pole. Si wa ntheo, wa pole tu. Alichinjwa, wakala, wakaongea kuhusu uvumilivu. Baba Mutheu alipiga magoti mbele ya Mama, akalia machozi halisi. Ukaulizwa mbele ya wazee wote hao kama umesamehe, na wewe, ambaye hujawahi kumwambia mtu hapana mbele ya watu, ukasema ndiyo. Nilisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Nilisema, "Mwikali, si lazima." Baba Mkubwa akaniambia nirudi kwa sufuria zangu. Ukabeba mtoto na begi, ukapanda lori.

Kesho yake nilisikia jike analia kibarazani. Yule ndege mweusi kwa mweupe mwenye mdomo wa ndoano, tuliyekuwa tukimwita Bucha, alikuwa amepasua kiota ubavuni. Kinda mmoja hakuonekana. Wa pili alikuwa ametundikwa kwenye mwiba wa seng'enge, umepenya shingoni, na Bucha alikuwa anamla kwa utaratibu, anavuta kipande, anatazama pembeni, anavuta kingine. Nilimtupia jiwe, nikamtupia lingine, nikatupa mpaka mkono ukauma. Nikakupigia simu. Labda sikupaswa kukuambia, lakini tangu tukiwa wadogo mambo ya chozi yalikuwa yetu sote wawili. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza, "Na mama yao?"

"Bado anazunguka. Ako na buibui mdomoni."

Ukakata simu.

Alikuua kwa mpini wa jembe, kati ya mistari ya nyanya, mchana kweupe, maji yakitiririka mitaroni. Wafanyakazi waliona. Mutheu aliona. Baba yake alisema uliteleza. Nilikuosha mimi na Mama, kwa hiyo hakuna mtu atakayeniambia habari ya kuteleza. Mikono yako yote miwili ilikuwa imevunjika hapa, juu ya kifundo, pale mtu anapojikinga uso. Nikikumbuka mikono ile nakosa pa kuiweka yangu.

Walitaka kukuzika Kimana. Susu akasimama mbele ya jeneza, akasema mwanamke ambaye ntheo yake haikutolewa huzikwa kwao, na mtu akitaka kubisha ambishie yeye. Ndiyo maana uko hapa na Baba. Mutheu akabaki nasi. Kesi iko kortini, inaahirishwa tu. Baba Mutheu yuko nje kwa bondi, kwa sharti kwamba asitukaribie. Mtoto huyu, Mwikali, kwa miezi mingi hakuwa analia. Alianguka kwenye ngazi akapasuka goti, akalitazama tu. Nilidhani ni ujasiri. Nilimsifu, hata.

Mwaka huu chozi hakurudi kibarazani. Amehamia getini. Unalijua lile geti, nililichomelea mwenyewe kwenye karakana, mabomba mazito ya pembe nne, na juu yake nimeacha boganvilia ipande. Nyigu wameingia kwenye ncha za mabomba wakajenga humo ndani, na juu yao, kwenye boganvilia, jike akaning'iniza kiota chake. Nilikuja na udongo wa kuzibia zile ncha. Susu alikuwa ameketi hapo kwenye jua. Aliniangalia tu, nikarudi na udongo wangu.

Sasa Jumamosi. Baba Mkubwa alifika na kututangazia kwamba watu wa Kimana wanakuja na mbuzi watatu. Ntheo. Wamuoe marehemu, waingize mbuzi, mmoja achinjwe, tule nao, na kufikia jioni Mutheu awe wao kwa desturi na kwa haki. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mtoto ako na baba," alisema Baba Mkubwa. "Hayo mengine korti itamaliza. Sisi tunatafuta amani."

"Mtoto aliona," nikasema. "Ndiyo sababu wanamtaka. Akiwa kwao, atasema nini kortini?"

Akaniambia mwanamke asiye na bwana hafai kuongea mambo ya ndoa. Mama alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Tangu ufe Mama haongei sana, lakini alisema, "Mutheu haendi." Baba Mkubwa akajifanya hajasikia, akatoka kupanga viti.

Nilifunga geti kwa kufuli mbili nikatia funguo kwenye sidiria. Gari lao likasimama nje. Wazee wakashuka, mbuzi wakashushwa, watatu, wamefungwa kamba shingoni, wanono kweli. Baba Mutheu alibaki ndani ya gari upande wa pili wa barabara, amepandisha kioo, kwa ajili ya lile sharti la bondi.

"Hodi," mzee wao akasema. "Tumekuja kwa heri."

"Rudini kwa heri," nikajibu.

Baba Mkubwa akatoka mbio, uso umempauka. "Fungua geti!"

"Sifungui."

"Fungua, usiniaibishe mbele ya watu!"

Akanishika mkono akaukunja nyuma, anatafuta funguo. Mzee wa watu, miaka yake yote ile, nisingeweza kumpiga, Mungu ananijua. Lakini Susu aliweza. Alimchapa kwa fimbo kwenye vidole, mara ya pili kwenye kiwiko, mara ya tatu alikosa akapiga geti, likalia ng'wee. "Mjukuu wangu mmoja umemla na mbuzi mmoja," alimwambia. "Sasa umeletewa watatu, unataka kula nani tena?" Baba Mkubwa akakaa chini kwenye kiti cha kukodi, ameshika mkono wake, na sijui kama ilikuwa ni maumivu au ni aibu, lakini hakuinuka tena.

Nilifikiri imekwisha. Ndipo mlango wa gari ukafunguliwa.

Alivuka barabara bila kutazama magari. Wazee wake walimwita, hakusikia. Nilimwona akija nikajua kwamba hanioni mimi, anaona kitu chake mwenyewe, kama yule dume wetu mbele ya kioo. Alipitisha mkono kwenye kidirisha cha geti, akanishika nywele, akanivuta, paji la uso likagonga chuma. Akanivuta tena. Nikageuza kichwa nikapata vidole vyake mdomoni, nikauma. Mwikali, niliuma mpaka meno yakakutana na mfupa, nikaonja chumvi, na sikuachia. Alipiga mayowe. Nilimuuma kwa ajili ya mikono yako yote miwili. Alipojinasua alikimbilia spana ya magurudumu garini, akarudi akaanza kupiga kufuli, kwa nguvu zote, geti zima likitetemeka kuanzia juu hadi chini, na jike wa chozi akachomoka kwenye kiota akipiga kelele.

Nyigu walitoka kwenye ncha zote za mabomba.

Kwanza walimpata yeye, shingoni na masikioni, akaanza kujipiga usoni kwa mkono uleule wenye damu. Kisha wazee, kofia zikaanguka, koti moja likavuliwa likatupwa. Mbuzi wakachomoka na kamba zao wakakimbia barabarani, wakaingia katikati ya kondoo wa jirani yetu Mmaasai aliyekuwa akipita kwenda malishoni. Gari likaondoka na mlango mmoja wazi. Na mimi sikusamehewa. Nyigu hawajui nani ni nani. Walinidunga jichoni, mdomoni na shingoni, na nilibaki nimeegemea geti kwa mgongo, kwa sababu niliogopa nikisogea litafunguka, ingawa funguo ninazo mimi.

Jirani alipofika getini na wale mbuzi watatu nyuma yake, alisalimia kwa utulivu kabisa, "Sopa," akauliza ni wa nani.

"Hawajaingia hapa," Susu akamwambia. "Hatuwajui."

Polisi wamekwisha kuandika taarifa, na damu yake bado iko kwenye kidirisha cha geti, sijaifuta. Wanasema bondi itafutwa. Nitaamini nikiona, lakini Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu na jicho hili. Baba Mkubwa aliondoka bila kuaga, akaacha viti.

Sikuandikii kwa sababu ya hayo, ingawa najua umeyafurahia. Nakuandikia kwa sababu ya kilichofuata.

Niliingia ndani nikaketi sakafuni kando ya kabati, jicho limeshafunga, na machozi yananitoka bila ruhusa yangu, kwa uchungu wa nyigu na uchungu mwingine wote. Mama aliniona akashika mdomo, maana nilikuwa nimefanana na wewe siku ile ya leso. Akatoka nje. Mutheu alikuja akasimama mbele yangu. Hakushtuka. Hakuuliza ni nani. Alitazama jicho langu jinsi fundi anavyotazama kazi anayoijua, akaenda jikoni, nikasikia anavuta kigoda. Alirudi na maji vuguvugu kwenye bakuli, ametia chumvi, na kitambaa kisafi. Akakikunja mara mbili, akakichovya, akakikamua, akakiweka kwenye jicho langu kuanzia puani kwenda nje, bila kubonyeza, kwa vidole vyepesi kabisa. Hata meno mapya ya mbele hayajamwota, Mwikali. Alijua mpaka wakati wa kugeuza kitambaa.

Akaweka kiganja chake kingine juu ya mdomo wangu, taratibu, akaninong'oneza.

"Usilie na sauti, Mama Mkubwa. Atasikia."

Ndipo nilipojua kwa nini hakulia juu ya goti lake. Nilikuondoa akilini kwa dakika moja, unisamehe, kwa sababu kulikuwa na mtoto mbele yangu. Nikatoa kiganja chake mdomoni, nikakibusu.

"Hayuko," nikamwambia. "Ameenda, na geti limefungwa. Hapa watu wanalia vile wanataka."

Hakuniamini. Kwa hiyo nililia mimi kwanza, kwa sauti, mdomo wazi, kama nilivyokataa kulia kaburini kwako. Aliruka nyuma, akatazama mlango. Akangoja. Mlango haukufunguliwa. Akatazama tena. Kisha uso wake ukakunjika, akafungua mdomo kama alivyokuwa akifungua na makinda yale, na sauti ikatoka, mdogo wangu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, mpaka Susu na Mama wakaja mbio, mpaka majirani wakasimama barabarani, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia anyamaze.

Chozi amerudi kwenye kiota. Naona mdomo wake kutoka hapa nilipo.

Lala, Mwikali. Mtoto wako tunamsikia.

Mimi dada yako mkubwa.